Karatasi za kuprinti za siku hizi zimepunguzwa madini ya fedha? Nina printi mbili mkononi

#1 Kivuli Kirefu
Habari wadau. Naprinti nyeusi na nyeupe chumba cha giza mwaka wa tatu huu, si mtaalamu ila si mgeni pia. Juzi nikapata boksi la karatasi za zamani, faiba, zile zisizo na plastiki, gredi 3 ya kontrasti (tofauti ya weusi na weupe), umri wake siujui ila lebo ishapauka kabisa. Nikasema acha nijaribu kwa utani. Nikachukua negativu moja, mzee kakaa mlangoni nyuma yake giza tupu, nikaprinti kwenye hiyo ya zamani halafu nikaprinti kwenye boksi langu jipya la multigrade, ile ambayo kontrasti unaichagua kwa filta, nayo faiba. Wakuu, ya zamani ule mlango mweusi tii kama kisima usiku. Ya mpya mlango wa kijivu, kama ubao wa shule uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Divelopa (dawa ya kutokeza picha) ileile, usiku uleule, enlaja (mashine ya kumulika negativu kwenye karatasi) ileile. Kampuni sizitaji msinilazimishe, maana kosa linaweza kuwa langu na mimi sitaki kesi. Ila moyoni nishahukumu: wanatupunja madini ya fedha kwenye emalsheni, lile tabaka la karatasi linalopokea mwanga. Nani anabisha?

#2 Trei Tatu
Umepunjwa fedha mara mbili mkuu, ya kwenye karatasi na ya mfukoni 😂

#3 Mzee wa Enlaja
Kijana yuko sahihi. Sisi tuliowahi kushika Agfa Portriga Rapid na Record Rapid za enzi zile tunajua. Ukiitoa kwenye trei unaona vivuli vina kina, unaweza kuingiza mkono. Baadaye wakatoa ile fedha nyingi, jina likabaki lilelile lakini karatasi ikawa nyingine. Tulilalamika wee mpaka tukachoka.

#4 Mama Negativu
Shikamoo mzee, ila hapo kidogo nirekebishe. Kilichotolewa kwenye hizo Portriga na Record Rapid ni kadimiamu, siyo fedha. Kadimiamu ni sumu ndo maana ikaondolewa. Na hizo zilikuwa karatasi za toni ya joto, watu waliililia ile rangi yake ya kahawia, hasa ukishaipitisha kwenye tona ya seleni, dawa ya kubadili rangi ya printi. Kina ni jambo jingine.

#5 Mzee wa Enlaja
Marahaba mwanangu. Kadimiamu, fedha, vyovyote vile, walitoa kitu kizuri.

#6 Fiksa Mbichi
Hii hadithi ya fedha kupunguzwa kila mtu anaisema hakuna anayeleta kipimo. Wanasema eti tangu bei ya fedha ilipopaa 1980 viwanda vyote vikaanza kubana. Sawa, tukubali walibana. Lakini weusi wa printi haupimwi kwa fedha peke yake. Printi unaiona kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Ikifika mahali uso wenyewe ndo unarudisha ule mwanga kidogo, hata ukirundika fedha kama sahani ya bibi harusi weusi hauongezeki. Uso ndo unaweka kikomo. Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi, hizo karatasi mbili uso wake ukoje? Inayong'aa au mati, yaani isiyong'aa?

#7 Kivuli Kirefu
Ya zamani inang'aa. Ya mpya ni mati.

#8 Trei Tatu
😂😂😂 Kesi imekwisha tufunge mahakama.

#9 Fiksa Mbichi
Sasa hilo si ungelianza nalo?? Mati haiwezi kufikia weusi wa karatasi inayong'aa, iwe ya kampuni yoyote ya mwaka wowote. Kwa kipimo cha densiti, yaani ukolezi wa weusi, inayong'aa inapita 2 bila shida, mati inaishia 1.6 hivi. Hiyo tofauti jicho linaiona toka mlango wa pili. Fanya hivi, ilowanishe hiyo printi ya mati kwenye maji halafu itazame ikiwa mbichi. Kama mlango umekuwa mweusi tii ujue fedha imo, ni uso tu umekauka.

#10 Jicho la Tatu
Uzi wa picha hauna picha. Weka hizo printi tuone.

#11 Kivuli Kirefu
Nimejaribu kuzipiga na simu, zote mbili zinatokea sawasawa, simu inajirekebishia yenyewe. Ndo maana nikasema nieleze kwa mdomo.

@Fiksa Mbichi nimeilowanisha. Ni kweli imeongezeka weusi, imeongezeka sana tu. Ila bado haijaifikia ya zamani. Nimeziweka zote mbili kwenye maji pamoja, ya zamani bado inashinda. Kwa hiyo kesi haijaisha.

#12 Nuru ya Bluu
Mimi naomba niulize balbu. Kwenye enlaja yako kuna balbu gani?

#13 Kivuli Kirefu
LED. Ile ya zamani iliungua nikaweka LED ya kawaida ya nyumbani, nyeupe ile yenye mwanga wa joto. Inafanya kazi vizuri tu na haichemshi negativu.

#14 Nuru ya Bluu
Nilijua tu. Karatasi ya gredi moja kama hiyo ya zamani haijali sana rangi ya taa, inaona bluu basi, kontrasti yake ishafungwa kiwandani. Multigrade sivyo. Multigrade ina matabaka mawili, moja la bluu linatoa kontrasti kubwa na moja la kijani linatoa kontrasti ndogo, na filta ndo zinachagua, majenta inazuia kijani, njano inazuia bluu. Sasa filta hizo zilipimwa kwa balbu ya tungsten au halojeni. LED nyeupe ni mnyama mwingine, ina kilima cha bluu halafu bonde halafu kilima kikubwa cha njano, na ikiwa ya mwanga wa joto bluu yenyewe ndo chache. Ukiprinti bila filta unadhani uko gredi 2 kumbe uko chini huko, vivuli vinalegea.

#15 Mama Negativu
Sehemu kubwa nakubali, ila siyo matabaka mawili la bluu na la kijani. Kwa jinsi Ilford wenyewe wanavyoeleza Multigrade yao, ni emalsheni kadhaa zilizochanganywa pamoja. Zote zinaona bluu sawasawa, zinachotofautiana ni kiasi gani zinaona kijani. Ukiipa bluu tupu zote zinawaka kwa pamoja, kontrasti inapanda. Ukiipa kijani zinawaka moja baada ya nyingine, kontrasti inashuka. Haibadilishi ushauri wako, nimesema tu isije mtu akaenda kuifundisha hivyo.

#16 Nuru ya Bluu
Ahsante dada, nimejifunza.

#17 Mkono Mweusi
Wengi wenu mnatafuta mchawi. Mleta uzi, hizo karatasi zilikaa kwenye divelopa muda gani?

#18 Kivuli Kirefu
Dakika moja moja. Wakati mwingine natoa mapema kidogo nikiona ishakuwa nyeusi ya kutosha.

#19 Mkono Mweusi
Haya jamani nani mwingine ana swali 😅

Dakika moja ni ya RC, ile yenye plastiki. Faiba ni dakika 2 kwenda juu, na divelopa ikiwa nyepesi ni 3. Halafu unaitoa kwa macho chini ya taa nyekundu! Chini ya taa nyekundu kila kitu kinaonekana kimeiva. Unaiona nyeusi unaitoa, ukiwasha taa ya kawaida ni tope. Nililifanya hilo kosa mwaka mzima na nikawa natukana karatasi kama wewe hivi. Iache ikae mpaka mwisho, ikitoka nyeusi kupita kiasi punguza sekunde za enlaja, usipunguze za trei.

#20 Trei Tatu
Ila mkuu, hata ya zamani ilikaa dakika hiyohiyo moja. Mbona yenyewe imeiva?

#21 Mkono Mweusi
Si karatasi zote zinaiva kwa mwendo mmoja. Zenye kloridi nyingi zinawahi, zenye bromidi nyingi zinachelewa. Huenda hiyo ya zamani ni ya kuwahi.

#22 Trei Tatu
"Huenda" hiyo imebeba mzigo mkubwa.

#23 Baridi Kali
Na joto la divelopa je? Mimi nilipata kijivu cha namna hiyo usiku mmoja wa baridi, kumbe divelopa imeshuka. Haidrokwinoni, kemikali iliyomo kwenye divelopa, ikipoa chini ya nyuzi 13 hivi inalala usingizi, na yenyewe ndo inajenga weusi. Vivuli vyote vinakuwa vivivu. Nyuzi 20 ndo ya kusimamia. Sasa kama aliprinti ya zamani kwanza divelopa ikiwa na joto, na ya mpya mwishoni ikiwa imepoa...

#24 Kivuli Kirefu
Ya zamani niliprinti kwanza ndiyo. Ila haikuwa baridi kiasi hicho.

#25 Mwanafunzi wa Giza
Samahani kuingilia wakubwa. Inaweza kuwa taa nyekundu imeunguza karatasi mpya? Nimesoma multigrade inaona rangi nyingi kuliko za gredi moja, kwa hiyo taa iliyokuwa salama kwa zamani siyo salama kwa mpya. Kipimo chake unaweka sarafu juu ya karatasi chini ya hiyo taa dakika tano halafu unaidivelopu.

#26 Mama Negativu
Swali zuri. Ni kweli multigrade inaona kijani, kwa hiyo taa ya njano-kijani ya zamani ni hatari kwake, tumia kahawia nyepesi au nyekundu. Lakini mambo mawili. Kwanza, kipimo cha sarafu kwenye karatasi nyeupe tupu kinadanganya. Mwanga mdogo unaweza kuwa haujafika kizingiti cha kuonekana, ila ukijumlishwa na mwanga wa enlaja unaonekana. Ipe karatasi mwanga wa enlaja kidogo kwanza, kiasi cha kutoa kijivu chepesi, ndo uweke sarafu. Pili, ukungu wa taa, yaani kijivu kinacholetwa na mwanga usiotakiwa, unachafua weupe, hauzuii weusi. Mleta uzi analalamikia weusi. Weupe wako ukoje?

#27 Kivuli Kirefu
Weupe msafi kabisa. Shati la mzee linang'ara.

#28 Mama Negativu
Basi taa haina kosa.

#29 Mzee wa Enlaja
Mimi bado nipo na fedha.

#30 Boksi Lililofungwa
Wakuu mimi naomba nihamishe mada kidogo, hizi karatasi za zamani mnazipataje na mnajuaje bado nzima? Nimeshaumia. Niliona mtu anauza boksi la karatasi 100 mtandaoni, halijafunguliwa anasema, nikamuuliza una uhakika zipo zote? Akasema subiri. Akanitumia picha. Kazimwaga zote mezani, dirisha wazi, jua linapiga, kazipanga kumi kumi kwa uaminifu kabisa ili nihesabu. Zilikuwa 100 kweli.

#31 Trei Tatu
Nimecheka mpaka nimemwaga fiksa. Uaminifu umeua boksi.

#32 Jicho la Tatu
Hahaha na ulizilipia?

#33 Boksi Lililofungwa
Nilishalipa.

#34 Fiksa Mbichi
Pole sana. Kwa wengine: kabla ya kulipa mwambie muuzaji kwa herufi kubwa ASIFUNGUE. Uliza kibandiko cha kiwandani kipo au kimekatwa. Likishafunguliwa uliza ule mfuko mweusi wa ndani ulikunjwaje, na lilikaa wapi, maana karatasi iliyokaa darini kwenye joto miaka 20 ni tofauti na iliyokaa sehemu ya ubaridi na ukavu. Ikikufikia kata vipande viwili gizani, kimoja tia kwenye fiksa, ile dawa ya kuifanya printi isiathiriwe tena na mwanga, moja kwa moja, cha pili pitisha divelopa kwanza halafu fiksa. Vioshe uviweke pamoja kwenye mwanga. Vikiwa na weupe mmoja umeokota dhahabu. Cha divelopa kikiwa kijivu kuna ukungu wa umri. Mara nyingi ukungu unaanzia kingoni kuja ndani, kwa hiyo ukiwa mdogo unakata kingo unaendelea na maisha.

#35 Mkono Mweusi
Ongezea, benzotriazoli kidogo kwenye divelopa inauzuia ukungu, ila karatasi inakuwa nzito zaidi kupokea mwanga, unaongeza sekunde. Na faiba za zamani zinazeeka vizuri kuliko baadhi ya RC, maana kuna RC walizozitia divelopa ndani ya emalsheni kabisa, hizo zikizeeka hazina dawa.

#36 Mpenda Lithi
Karatasi yenye ukungu msitupe, nipeni mimi 😀 Nafanya lithi. Unaipa mwanga mwingi mno kupita kawaida, divelopa ya lithi nyepesi, unakaa dakika 10 au 20 unaangalia mpaka weusi uanze kusambaa kama moto wa nyasi, unaivuta palepale. Kila karatasi inatoa rangi yake, na siyo zote zinakubali. Kwa mpya Fomatone ndo rafiki yangu. Zile zenye divelopa ndani alizosema Mkono Mweusi hapo juu hazifanyi lithi kabisa, msipoteze muda.

#37 Mwanafunzi wa Giza
Fomatone ndo ya wale Wapolandi?

#38 Mpenda Lithi
Foma ni Wacheki, wapo Hradec Králové tangu 1921. Wana Fomabrom, Fomatone, na Fomaspeed ambayo ni RC. Angalizo moja, Fomatone inataka mwanga mwingi, mtu akitoka Ilford anadhani balbu imekufa.

#39 Boksi Lililofungwa
Na Ilford si nilisikia walikufa 2004?

#40 Mama Negativu
Waliingia kwa mfilisi 2004, lakini 2005 baadhi ya viongozi wa kiwanda cha Uingereza wakakinunua, ndo hao Harman, wanatengeneza mpaka leo pale Mobberley. Tawi la Uswisi lilikuwa kampuni tofauti, hilo ndo lilifungwa 2013. Na Kentmere ambayo watu wanaiona mpinzani wa Ilford ilinunuliwa na Harman 2007, wako nyumba moja. Mwaka 2005 ulikuwa wa msiba kweli. Juni Kodak wakatangaza wanaacha karatasi za nyeusi na nyeupe, AgfaPhoto wakafilisika, miaka miwili mbele Forte ya Hungaria nayo ikafungwa.

#41 Mzee wa Enlaja
Siku Kodak walipotangaza nilinunua boksi nyingi mke wangu akadhani nimefungua duka. Zimebaki mbili.

#42 Fiksa Mbichi
Kwa aliyeipenda Agfa Multicontrast Classic, Adox MCC 110 imetoka kwenye mapishi yale. Mimi niliiweka karibu na Ilford FB Classic, zote zinang'aa, negativu moja, nikatafuta sekunde za kila moja peke yake mpaka kijivu cha usoni kikalingana. Weusi siwezi kuwatofautisha. Tofauti niliiona kwenye weupe wa karatasi yenyewe na jinsi kijivu cha katikati kinavyotembea. Na hapo ndo kosa la kulinganisha, watu wanatumia sekunde zilezile kwa karatasi mbili wakati kila karatasi ina kasi yake. Mleta uzi, ulitumia sekunde ngapi?

#43 Kivuli Kirefu
...18 kwa zote mbili.

#44 Trei Tatu
Muuaji anakiri kidogo kidogo kama kwenye tamthilia.

#45 Kivuli Kirefu
Nilitaka iwe haki sawa jamani!

#46 Fiksa Mbichi
Haki sawa siyo sekunde sawa. Ingiza kipande cha majaribio kwa kila karatasi, tafuta sekunde za kwanza ambazo weusi hauongezeki tena. Hizo ndo za kulinganisha.

#47 Mgongo wa Karatasi
Nipunguze hasira humu: mimi wiki nzima niliprinti upande wa mgongo kwenye faiba mati, gizani zinafanana. Nikawa napata picha hafifu iliyogeuka kushoto kulia. Mwalimu wangu akaniambia lowanisha kidole ugusie kwenye kona, upande unaonatanata ndo emalsheni.

#48 Baridi Kali
Na wote mmesahau kukauka. Faiba ikikauka inazama, weupe unakuwa na giza kidogo, ikiwa mbichi ilikuwa inang'ara. Watu wengine wanapunguza sekunde asilimia 5 mpaka 10 kwa ajili hiyo.

#49 Nuru ya Bluu
Hiyo nayo ni ya weupe, siyo weusi. Mlango wa kijivu unatokana na balbu, nasimama hapo.

#50 Kivuli Kirefu
Wadau nimerudi, jana usiku nimefanya jaribio. Nimeomba balbu ya halojeni ya kuazima, nimeacha ya mpya dakika 3 kwenye divelopa ya nyuzi 20, nimepima sekunde kwa vipande, nimefika 31. Mlango umekuwa mweusi. Mweusi kweli. Ikiwa mbichi zinakaribiana mno na ya zamani, ikikauka ya zamani bado inashinda kwa ule mng'ao. Nawashukuru wote.

#51 Nuru ya Bluu
Balbu! Nilisema.

#52 Mkono Mweusi
Dakika 3. Karibu.

#53 Baridi Kali
Nyuzi 20 wakuu, isomeni tena sentensi yake.

#54 Fiksa Mbichi
Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo, sasa hatutajua kamwe ni kipi. Rudia, badilisha kimoja kimoja, kila mara na karatasi moja ya zamani pembeni.

#55 Kivuli Kirefu
Za zamani zimebaki 4. Hizo sizigusi kwa majaribio yenu.

#56 Mzee wa Enlaja
Na ya zamani bado ilishinda, mmeona? Fedha.

#57 Mwanafunzi wa Giza
Samahani wakubwa, ile taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli inafaa kwa multigrade?

#58 Trei Tatu
Anzisha uzi wako mdogo wangu, huu hata haujapoa. Ila ijaribu kwa sarafu, na usisahau mwanga wa kwanza wa Mama Negativu.